Namna ya Kuutaja Utovu wa Adabu kwa Jina Lake

Mtu akitendewa ubaya wa mdomo au wa uso, jambo la kwanza analosema ni kwamba aliyemtendea hana adabu. Kauli hiyo inatosha barazani, kwa sababu wasikilizaji wanamjua msemaji na wanajua ugomvi ulikoanzia. Haitoshi katika barua ya malalamiko, katika ripoti ya mwalimu, katika habari ya gazeti wala katika hadithi, ambamo msomaji hakuwapo na hana cha kushika isipokuwa neno lililoandikwa. Kiswahili kina msamiati mpana wa makosa haya, na maneno yake hayabadilishani nafasi: jeuri si dharau, dharau si kejeli, kejeli si tusi, na anayeandika moja akikusudia jingine humwongezea mwenzake kosa au humpunguzia bila kujua.

Kabla ya kuchagua neno, jiulize mambo matatu. La kwanza ni nani alimfanyia nani, yaani kama kosa lilitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, au lilikuwa kati ya watu walio sawa. La pili ni chombo kilichotumika: maneno, sauti, uso, mwili, au kunyamaza tu. La tatu ni kama unataja tendo la siku moja au tabia ya mtu. Hilo la kwanza ndilo linalosahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Kilichokosekana ni nini?

Adabu, heshima, nidhamu na haya hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kila kimoja kinapokosekana huacha kosa la namna yake. Adabu ni mwenendo uliofundishwa, na ndiyo maana asiye nayo huwaaibisha waliomlea. Watu huuliza ni mtoto wa nani kabla hawajauliza amefanya nini. Heshima ni haki ya mtu mwingine, kwa hiyo huvunjwa au hukosewa: unasema "amenivunjia heshima", wala husemi "amenivunjia adabu". Haya ni ile aibu ya ndani inayomzuia mtu asifanye hadharani jambo linalofaa kusitiriwa. Aliyeipoteza husemwa ana macho makavu au ana uso wa mbuzi, na katika maandishi ya kale kidogo huitwa mpujufu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa hajamkosea mtu yeyote mahususi, bali amewakosea wote waliomwona.

Nidhamu inasimama peke yake, kwa kuwa ni utii wa kanuni za chombo fulani, kama vile shule, jeshi, ofisi au klabu. Mchezaji anayemsukuma mwamuzi hupelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, na hakuna aliyewahi kusikia kamati ya adabu. Mwajiri anapokuandikia kwamba umefanya "utovu wa nidhamu", basi ameshaingia katika lugha ya adhabu, na unapaswa kumwuliza ni kanuni ipi iliyovunjwa. Akikwambia kwa mdomo kwamba ulikosa adabu, bado yuko katika lugha ya wazee, na pengine salamu na kuomba radhi vitamaliza jambo.

Tofauti ya tendo na tabia hukaa ndani ya sarufi yenyewe. "Amekosa adabu" ni hukumu ya tukio: alitenda hivyo leo, na kesho anaweza kutenda vingine. "Hana adabu" ni hukumu ya mtu mzima mzima. "Mtovu wa adabu" inalifanya kosa hilo kuwa jina lake, na haifai kuandikwa juu ya mtu ambaye umemwona mara moja. Msemaji akigeuza mpangilio na kusema "adabu hana", anadokeza kwamba vingine anavyo: elimu anayo, fedha anazo, ila hicho kimoja kimemkosa. Angalia pia kwamba kumtia mtu adabu si kumfundisha upole. Ni kumwadhibu, na mara nyingi kwa fimbo, hivyo mwalimu anayeandika "nilimtia adabu" ameandika zaidi ya alivyodhani.

Kutoka chini na kutoka juu

Jeuri, au ujeuri, kwa kawaida hutoka chini kwenda juu, na sharti lake kubwa ni makusudi. Mtoto aliyeitwa, akasikia, akageuza kichwa na kuendelea na mchezo amefanya jeuri. Yule ambaye hakusikia hajafanya lolote. Neno hili hubeba pia maana ya uwezo unaompa mtu kiburi cha kutojali, kama tunavyosema fulani ana jeuri ya pesa, na waandishi wa michezo hulitumia hivyo bila lawama yoyote, wakisema klabu fulani ina jeuri ya kumsajili mchezaji yeyote imtakaye. Kwa hiyo ukiandika "jeuri" peke yake, hakikisha sentensi inaonyesha ni jeuri ipi unayoisema.

Ufidhuli, ambao wengine huuandika ufedhuli, ni wa mdomo zaidi. Fidhuli hujibu kabla hajafikiri yuko mbele ya nani, na majibu yake ni ya mkato. Hahitaji kuwa amepanga kumuudhi mtu. Hupitiwa na ulimi wake mwenyewe. Usafihi ni mzito kuliko huo, kwa kuwa mtu safihi huchanganya ukosefu wa adabu na uchafu wa maneno, na si neno la kumtupia mtoto aliyejibu vibaya mara moja. Ujuvi ni kosa la kijana anayejifanya anajua yote, anayedakia mazungumzo ya wakubwa na kuyamalizia kabla wao hawajayamaliza. Kwa watoto wadogo kuna maneno mepesi zaidi, na ni vyema kuyatumia: mtoto mtukutu hatulii, mkaidi hasikii, mkorofi huwachokoza wenzake, na mtundu anaweza hata kuwa anasifiwa, kwa kuwa utundu ni pia ule ubunifu wa kufungua redio ili kuona kinachoongea ndani.

Mkubwa hamfanyii mdogo jeuri. Mkuu wa idara anayemtukana karani hasemwi kuwa jeuri wala mjuvi. Husemwa kuwa mkali, mbabe, mwonevu au mnyanyasaji, na vitenzi vyake ni kufoka, kukaripia na kugombeza. Miongoni mwa hivyo, kufoka ndiko kunakomshusha, kwa sababu anayefoka amepoteza utulivu, ilhali anayekemea bado anasimama juu ya haki yake ya kukemea. Ukitaka kumlaumu mkubwa kwa maandishi, andika "alinifokea mbele ya wateja" na uache "alinikemea", ambalo linakubali nusu ya hoja yake. Ukitazama vizuri utaona kwamba majina ya makosa ya wadogo ni mengi na yamechongwa kwa ustadi, na yale ya wakubwa ni machache na mengine yanakaribia kuwa sifa, maana "mwalimu mkali" wazazi wengi humtafuta. Nadhani hilo linaeleza ni nani aliyekuwa na nafasi ya kulalamika.

Liko hata hivyo neno moja la juu kwenda chini ambalo lugha imelichonga barabara, nalo ni masimango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha wema uliomtendea kwa namna ya kumuumiza: chakula ulichompa, ada uliyomlipia, godoro analolalia. Msimangaji hatumii tusi hata moja, na pengine kila anachosema ni kweli tupu, lakini anayekula kwake hawezi tena kumeza tonge. Yatima anayelelewa na ndugu, mke asiye na kipato na mgeni aliyekaa muda mrefu ndio wanaolijua zaidi neno hili. Usiandike "alimtukana" pale ambapo kilichotokea ni masimango, kwa kuwa msimangaji atakana kwa urahisi, akisema hakutamka neno baya lolote, na atakuwa anasema kweli.

Dharau haina mwelekeo. Huenda juu, huenda chini na huenda kwa jirani. Ni kumwona mtu hana thamani, na inapotoka moyoni hupata majina kulingana na njia iliyopita. Ikipita katika kutomsikiliza inakuwa kupuuza. Ikipita katika kupunguza alichokifanya inakuwa kubeza, na ndiyo maana tunabeza juhudi, tunabeza mafanikio, tunabeza wazo. Ikipita katika kumcheka inakuwa dhihaka, na ikipita katika maneno yanayosema jambo moja huku sauti ikisema kinyume chake inakuwa kejeli. Kebehi iko karibu na kejeli, lakini ina ukavu zaidi na kicheko kidogo. Kudunisha humshusha mtu cheo mbele za watu, na kutweza hugusa utu wake, kiasi kwamba ni neno la kutunzwa kwa mambo makubwa.

Mfano mmoja ndani ya daladala

Chukua mama mmoja wa makamo aliyepanda daladala Mbagala, anakwenda Kariakoo, na kapu lake la nazi liko miguuni. Ametoa noti ya shilingi elfu kumi, na vituo vitatu vimepita bila chenji kurudi. Anasema kwa upole, "Mwanangu, chenji yangu." Konda amesikia, lakini anatazama nje ya dirisha na kuendelea kuchezesha sarafu mkononi. Hapo amempuuza, na abiria aliye nyuma ana haki ya kusema kijana huyu ana dharau, ingawa bado hakuna neno lililotamkwa.

Mama anarudia. Konda anajibu, "Tulia wewe, chenji haikimbii." Hilo ni jibu la kifidhuli: fupi, la mkato, na limemwita mtu mzima "wewe" bila kuweka "mama" mbele. Kama angejibu, "Mama yangu, ungekodi teksi ungeletewa chenji kwenye bahasha," heshima ya jina ingekuwapo na adabu ya nje ingekuwapo, lakini hiyo ingekuwa kejeli, nayo huuma zaidi kwa sababu haina pa kuishika. Akilitazama kapu na kusema kwamba watu wa nazi hawana haraka ya kufika popote, amemdunisha. Akisema waziwazi, "Sirudishi, nenda ukashtaki unakotaka," amefanya jeuri, maana sasa anajua wajibu wake na anaukataa mbele ya mwenye haki. Dereva akigeuka na kumwambia ampe mama chenji yake, naye akasonya, ameongeza utovu wa nidhamu, kwa kuwa amemkaidi bosi wake akiwa kazini. Akitaja maungo ya mama huyo au ya mama yake mzazi, ametukana, na gari zima litageuka.

Ni kijana mmoja, safari moja na noti moja, lakini makosa ni saba, na barua inayoyaita yote "lugha mbaya" imemfichia konda yule mengi.

Bila kutamka neno

Makosa makali mengine hayana sauti, au yana sauti isiyo neno. Kusonya, ambako wengine hukuita kufyonya au kufyoza, ni kuvuta hewa kwa mate kati ya meno na midomo mpaka itoke sauti ya dharau. Mtoto anayemsonyea mtu mzima amefanya kosa ambalo nyumba nyingi hulihesabu sawa na tusi. Kubetua midomo husema kwamba aliyosema mwenzako hayana maana. Kumkata mtu jicho ni kumtupia tazamo la pembeni la chuki, na kumtolea macho ni kumkazia tazamo la kumpinga, jambo ambalo mtoto haruhusiwi kwa mkubwa ingawa mkubwa hulifanya kwa mtoto kama onyo. Kumpa mtu mgongo anapozungumza nawe, kumwelekezea kidole usoni na kumpa kitu kwa mkono wa kushoto vyote ni vya kundi hili.

Namna ya kuitika nayo ina uzito wake. Katika nyumba nyingi za pwani, msichana akiitwa huitika "abee", mvulana "naam", na "labeka" huwafaa wote wawili. Anayejibu "nini?" hajatukana mtu, lakini mama aliyemwita atanyamaza kwanza, kisha atauliza anamjibu nani hivyo. Vivyo hivyo kwa anayepita mbele ya wazee bila "shikamoo": haambiwi ametukana, huambiwa hana salamu, na wapo watakaoliweka hilo katika kumbukumbu hadi siku ya posa. Unapoandika ripoti au hadithi, eleza tendo lenyewe: "aliitika 'nini' bila kuinua macho" ina nguvu kuliko "aliitika kwa utovu wa adabu".

Tusi, kashfa na kutukaniwa

Kutukana na kutusi ni kitenzi cha maneno machafu au ya kumfananisha mtu na kitu duni. Katika matusi yenyewe kuna ngazi. Matusi ya nguoni, yaani yale yanayotaja sehemu za siri, yako juu kabisa, na tusi la mzazi humkalia mtu kwa miaka. Lugha ina hata umbo maalumu kwa ajili ya hilo: "amenitukana" maana yake aliyelengwa ni mimi, lakini "amenitukania mama" maana yake aliyelengwa ni mama yangu na aliyeumizwa ni mimi. Katika maelezo ya polisi tofauti hiyo inafaa kuandikwa, kwa sababu hueleza kwa nini mtu mpole amenyanyua kiti.

Kashfa ni jambo jingine. Ukimwita mtu mbwa, hakuna hakimu atakayetaka ushahidi kwamba ana miguu minne. Ukimwita mwizi wa fedha za kikundi, umetoa dai, na unaweza kutakiwa kulithibitisha. Huko ndiko kumkashifu mtu. Jina hilohilo hutumika kwa aibu kubwa ya umma, kama kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond iliyomfanya Waziri Mkuu wa Tanzania ajiuzulu Februari 2008, na mwandishi anapaswa kuonyesha ni kashfa ipi anayoitaja, ya kusingiziwa au ya kufichuliwa. Kusengenya na kuteta hufanyika mwenyewe akiwa hayupo. Kusuta ni kumkabili msengenyaji uso kwa uso, mbele ya watu, na kumtaka arudie aliyoyasema.

Upande wa sheria, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania katika kifungu cha 89 inaitazama lugha ya matusi kuwa kosa pale inapotumika kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani. Ndiyo sababu polisi na mahakama husema "kutumia lugha ya matusi" na hawasemi "ufidhuli" wala "jeuri": sheria haiadhibu tabia ya mtu. Kenya ilikuwa na kifungu cha 132 kilichokataza kudunisha mamlaka ya mtumishi wa umma, na Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2017 kwamba kinakiuka Katiba. Kumkosoa ofisa si kumvunjia heshima, hata kama yeye mwenyewe ameumia.

Maneno mawili yanahitaji uangalifu wa pekee. Ujinga, kwa asili, ni kutojua, na serikali za Afrika Mashariki baada ya uhuru ziliutangaza kuwa adui mmojawapo kati ya watatu, pamoja na umaskini na maradhi, bila kumtukana raia yeyote. Upumbavu ni wa anayejua au anayeweza kujua lakini hatumii akili yake. Hata hivyo "mjinga wewe", ikitoka kwa hasira, ni tusi kamili, na huwezi kujitetea baadaye kwa kamusi. Neno la pili ni mshenzi. Zamani watu wa miji ya pwani waliojiita waungwana na wastaarabu waliwaita hivyo watu wa bara, na watumwa wengi walitolewa miongoni mwa hao wa bara; neno bado lina harufu hiyo. Ukitaka kusema kwamba mtu ametenda vibaya bila wewe kutenda vibaya zaidi, sema "hilo si jambo la kiungwana", ambalo husuta bila kumshika mtu shati.

Na ukilazimika kutaja jambo lisilotajika, kwa mfano unapomweleza daktari au hakimu maneno halisi yaliyotamkwa, tanguliza "hashakum" au "hashakum si matusi". Kwa ulimwengu wa pwani hiyo inatosha. Wasikilizaji wanajua kwamba linalofuata si lako.

Penye ruhusa ya kusema

Hakuna mwongozo wa maneno haya utakaosimama bila kutaja utani, kwa sababu utani hulivua tusi sumu yake. Kati ya makabila yenye utani, kama Wachaga na Wapare, au Wanyamwezi na Wazaramo waliokutanishwa na misafara ya biashara, mtu anaweza kumwita mwenzake mchoyo, mchawi au mla panya, tena mbele ya watu, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Mtani huja hata msibani, akaigiza mwendo wa marehemu, akadai alipwe deni lake na maiti, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Babu na mjukuu wana ruhusa hiyohiyo, mashemeji na mabinamu pia. Mashabiki wa Simba na Yanga nao huitwa watani wa jadi, na maneno wanayorushiana wiki ya mechi yangekuwa kesi kama yangesemwa na watu wasio na uhusiano huo.

Ruhusa hii ina mipaka, na mipaka hiyo hujulikana kwa wenyewe kuliko inavyoandikika. Kwa hiyo ukimsikia mtu akitukanwa naye anacheka, usiandike "alidhalilishwa" kabla hujauliza kama hao wawili ni watani. Kinyume chake, mtu asiye mtani akisema neno baya kisha akajificha nyuma ya "nilikuwa natania", neno linalofaa ni lile la kwanza kabisa: amekosa adabu.

Vijembe viko mpakani. Kijembe hurushwa hewani bila kutaja jina, na anayehusika hujijua mwenyewe. Kanga zimekibeba miaka mingi kwa maandishi kama "Mdhaniaye siye kumbe ndiye", na taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 ilikigeuza kuwa mipasho ya jukwaani. Kwa vile hakuna jina, hakuna tusi, na anayelalamika amejitaja mwenyewe. Sema "alimpiga kijembe" au "alimpiga vijembe". Ukisema "alimtukana" umekosea.

Neno hilohilo mahali pengine

Zanzibar, neno "udhalilishaji" limekuwa istilahi ya kawaida ya ukatili wa kijinsia na wa watoto. Mtu wa bara anayeandika kwamba alidhalilishwa katika ofisi fulani ya Unguja, akikusudia tu kwamba alijibiwa vibaya, ataamsha watu ambao hakutaka kuwaamsha. Nchini Kenya, "tabia mbaya" mara nyingi ni namna ya kufunika mambo ya ngono, hasa wanapozungumziwa watoto, kwa hiyo mwalimu asiiandike kwa mwanafunzi aliyemjibu kwa ukali tu. Huko huko Kenya utasikia "madharau" kwa wingi, kama katika "unaniletea madharau", matumizi ambayo mhariri wa Dar es Salaam atayasahihisha na msomaji wa Nairobi hatayaona kuwa na kasoro. Mashariki mwa Kongo dharau hutamkwa "zarau", na aliyedharauliwa husema "ananizarau". Ukinukuu, andika kama alivyosema.

Kuandika lalamiko lenyewe

Anza na tendo, kisha maneno yaliyosemwa katika alama za kunukuu, kisha, ukipenda, jina la kosa. Ukianza na jina la kosa, msomaji wa barua atabishana na jina hilo na hatafika kwenye tendo. Badala ya "mhudumu wenu ni jeuri na hana adabu", andika hivi: "Nilipomwomba karani anionyeshe pa kutia saini, alisukuma fomu hadi ukingoni mwa meza, akasema 'husomi?', kisha akaendelea na simu yake. Naliona jambo hilo kuwa ni dharau kwa mteja." Hapo mkubwa wake hana la kukana isipokuwa tukio zima.

Chunga sana vitenzi vyenye "-ana" ya kutendeana mwishoni. "Alinitukana" ni kosa la mmoja, lakini "tulitukanana", "tulijibizana" na "tulirushiana maneno" yanagawa lawama nusu kwa nusu, na wapo maofisa wanaoyapenda kwa sababu hiyo. Ukimsikia mwandishi wa kumbukumbu za kikao akisoma "wajumbe walivunjiana heshima" na wewe hukumvunjia mtu, simama na uombe irekebishwe hapo hapo, kabla kumbukumbu hazijathibitishwa. Bungeni utaratibu ni huo huo kwa sura rasmi zaidi: mbunge hutakiwa kufuta kauli yake, na kinachofutwa ni kauli, mtu akibaki na kiti chake.

Usiandike "lugha chafu" kama huna neno chafu la kunukuu. "Kauli isiyo ya staha" na "majibu ya kuudhi" yanafaa pale ambapo ubaya ulikuwa katika sauti na namna. Usirundike majina matatu ya kosa katika sentensi moja, kwa kuwa "jeuri, kiburi na dharau" zikitajwa pamoja husomwa kama hasira yako, na hakuna atakayezitenganisha ili kuzichunguza. Na ukipata jibu linaloliita tukio hilo "kutoelewana kulikojitokeza", jua kwamba tendo lako limeondolewa mtendaji na umegawiwa nusu ya kosa. Jibu kwa barua fupi inayorudia nukuu ileile, siku ileile na jina la cheo cha aliyetamka, kisha uulize kama ofisi inakana kwamba maneno hayo yalisemwa.